Wete Irudishiwe Skuli Yake

Kila siku ya kazi, kabla jua halijapanda juu ya minazi ya Limbani, njia za mji wa Wete hujaa mashati meupe. Wengine wanashuka kutoka Bopwe na Selem, wengine wanatelemka kwenye gari za abiria zilizotoka Gando na Mtambwe, na wote wanaelekea katika skuli za sekondari za Serikali za mji huo, Utaani na Chasasa zikiwa miongoni mwao. Katika msafara huo yumo mtoto wa mkulima wa mikarafuu, yumo wa mvuvi wa Kojani, yumo wa mwenye duka ambaye babu yake alikuja kwa jahazi kutoka Hadhramaut au kwa meli kutoka Bara Hindi, yumo na wa mtumishi wa Serikali aliyehamishiwa Pemba kutoka Tanzania Bara. Wanaulizana kama kazi ya hesabu imekwisha. Mambo ya asili ya mababu hawaulizani.

Jambo hilo linaonekana dogo kwa sababu limezoeleka. Kwa hakika si dogo hata kidogo, na wala halikupatikana kwa bei ya chini. Sasa skuli za mjini zinajengwa upya, na ghorofa zinasimama pahala palipokuwa na mabanda yaliyochakaa. Yafaa watumishi na walimu wa Wete wakumbuke nini hasa kilichojengwa katika mji huo tangu zamani, ili wajue ni kipi kinachostahili kukarabatiwa.

Skuli ya kwanza ya Serikali katika Zanzibar ilifunguliwa mwaka 1905, katika mji wa Unguja, wakati wa Sultani Ali bin Hamud. Kabla ya hapo, na kwa muda mrefu baada ya hapo, kila kabila na kila dini ilikuwa na mlango wake wa elimu. Jumuiya za Wahindi zilijenga skuli zao kwa fedha zao, na kila madhehebu yakawa na yake. Wamisionari walikuwa na zao. Waliobaki, yaani wengi wa watu wa Unguja na Pemba, walikuwa na chuo, ambacho mwalimu wake alikaa barazani na bakora yake, na watoto wakazunguka mbele yake na juzuu zao. Serikali ya Kiingereza ilipokuja na skuli yake mashamba ya Pemba, wazazi wengi walikataa kuwapeleka watoto wao, na wakubwa wa kikoloni wakaandika kuwa Wapemba hawapendi elimu.

Huo ulikuwa uzushi. Mzee wa Pemba aliyekuwa akisoma vitabu vya dini yake na kuandika barua zake za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wa mwambao kwa karne kadhaa, aliambiwa ghafla kwamba yeye hajui kusoma wala kuandika, kwa sababu tu herufi zake si za Kirumi. Tena aliambiwa amtoe mwanawe chuoni ampeleke katika nyumba ambayo Kurani haisomeshwi. Ni mzazi gani mwenye akili timamu ambaye angekubali bila ya kuuliza? Kurani ilipoingizwa katika ratiba ya skuli za Serikali, wazazi walianza kulegea, na madarasa yakaanza kujaa. Masheikh wenyewe waliingia katika kazi ya ualimu. Marehemu Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyezaliwa mwaka 1912 na ambaye baadaye alikuwa Kadhi wa Zanzibar kisha Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa mwalimu wa skuli za Serikali kabla ya kushika ukadhi. Historia hiyo ina funzo ambalo wapangaji wa elimu wa zama zote wamelisahau mara kwa mara: skuli hushika mizizi pale mzazi anapojiona kuwa ana sehemu yake ndani yake.

Lakini hata baada ya madarasa ya msingi kujaa, njia ya Mpemba ilikatika mapema. Skuli ya sekondari ya Serikali, iliyoanza mwaka 1935, ilikuwa mjini Unguja. Mtoto wa Wete aliyefaulu alilazimika kuvuka bahari. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1958 Zanzibar yote ilikuwa na watu 299,111, na Pemba peke yake ilikuwa na watu wapatao 134,000. Hata hivyo watoto wa kisiwa hicho waliopata nafasi ya kuvuka walikuwa wachache sana. Kwa watoto wa kike mambo yalikuwa mazito zaidi. Skuli ya kwanza ya Serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927, nayo pia mjini Unguja. Mzazi wa Pemba wa zama hizo, ambaye kumtoa binti nje ya kitongoji kulimpa taabu, angemruhusuje apande meli?

Mfano wa njia hiyo ya zamani unajulikana na kila mtu wa Wete. Marehemu Seif Sharif Hamad, aliyezaliwa Mtambwe mwaka 1943, alianza kusoma katika skuli ya Uondwe, akaendelea na Skuli ya Wavulana ya Wete hadi mwaka 1957, na mwaka uliofuata akaenda Unguja kuingia katika skuli ya King George VI. Alimaliza kidato cha sita mwaka 1963. Mapinduzi yalipofika Januari 1964 na walimu wengi wa Kiingereza wakaondoka, vijana kama yeye walitakiwa wasimame mbele ya ubao mara moja. Alifundisha Pemba, katika Skuli ya Fidel Castro, na Unguja, katika skuli ile ile aliyosoma, ambayo wakati huo ilikwisha kupewa jina la Lumumba. Kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulichelewa hadi mwaka 1972. Kati ya mwaka 1977 na 1980 alikuwa Waziri wa Elimu. Baadaye alisimama upande wa pili wa siasa za Zanzibar kwa miaka mingi, na mambo aliyoyasema huko yana pahala pake pa kujadiliwa. Lakini alipofariki tarehe 17 Februari 2021, akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais, waliompenda na waliompinga walikuwa bado wakimwita kwa jina moja, Maalim. Cheo hicho alikipata darasani.

Mapinduzi yalifanya jambo ambalo hakuna serikali iliyotangulia iliyothubutu kulifanya. Skuli zote zilitiwa mikononi mwa Serikali, zile za jumuiya na za misheni pia, na tarehe 23 Septemba 1964 ikatangazwa kwamba elimu itatolewa bila ya malipo. Tarehe hiyo ingali ikiadhimishwa kila mwaka. Majina ya wafalme yalifutwa kwenye mbao za skuli na pahala pake pakaandikwa Lumumba, Ben Bella, Haile Selassie na Fidel Castro, kwa kuwa Zanzibar ya miaka hiyo ilijiona kuwa ni sehemu ya dunia iliyokuwa ikijikomboa. Kwa mtoto wa Pemba, jina halikuwa na uzito kama masafa. Sekondari ilikuja kisiwani kwake. Msichana wa Wete aliweza kusoma kidato cha kwanza na jioni akarudi kulala kwao.

Haifai, hata hivyo, kuisimulia historia hiyo kama wimbo wa harusi. Baada ya kuvunjwa skuli za makabila kulikuja kipindi ambacho nafasi za sekondari zenyewe ziligawiwa kwa mafungu ya makabila. Nia iliyotajwa ilikuwa kuwainua walionyimwa elimu na wakoloni, na kwamba walinyimwa ni kweli isiyopingika. Lakini wapo watoto wa Unguja na Pemba waliofaulu vizuri wakabaki nje kwa ajili ya asili ya baba zao, na hilo nalo ni kweli. Walimu waliosomesha wakati huo wanalijua. Utaratibu ule ulipita, na hapana mtu mwenye busara anayetaka urudi. Unatajwa hapa kwa sababu dawati ambalo watoto wote wa Wete wanakaa pamoja leo halikuwekwa na tangazo la siku moja. Lilisukumwa huku na kule hadi likatulia.

Kisha karafuu ikaanguka. Jambo hili mara nyingi huachwa nje ya mazungumzo ya elimu, kana kwamba fedha za skuli hutoka mbinguni. Hazina ya Zanzibar ilikuwa ikiitegemea karafuu, na sehemu kubwa ya karafuu hiyo ilikuwa ikichumwa Pemba na kushushwa katika bandari za Wete, Chake Chake na Mkoani. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, kwa ajili ya sigara zake za karafuu. Indonesia ilipanda mikarafuu yake mpaka ikajitosheleza katika miaka ya 1980, na bei ya dunia ikaporomoka vibaya. Bati lililotoboka darasani halikubadilishwa tena. Watoto waliongezeka, vyumba vikabaki vile vile, na skuli zikagawanywa katika mikondo, wa asubuhi na wa jioni. Watoto wakakaa chini. Michango ya wazazi ikaingia kupitia mlango wa nyuma, ikawa elimu ya bure kwa jina. Mwalimu mzuri wa Pemba akatafuta kazi Unguja, na wa Unguja akatafuta Dar es Salaam au Uarabuni.

Juu ya hayo ikaja mivutano ya siasa iliyofuata uchaguzi wa mwaka 1995. Hapana haja ya kuirudia yote, kwa kuwa kila nyumba ya Wete ina yake ya kueleza, hasa juu ya Januari 2001. Watu walisusiana katika misiba na harusi, na wengine walikataa kununua bidhaa katika maduka ya wenzao. Skuli haikuweza kuwa kisiwa ndani ya kisiwa. Maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ndiyo yaliyofungua mlango wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Katika miaka yote hiyo migumu kuna jambo moja la kushukuru: watoto waliendelea kukaa dawati moja, hata pale baba zao walipokuwa hawaamkiani.

Sasa ujenzi umerudi, na sifa yapasa itolewe pale inapostahili. Mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia ulioanza mwaka 2007 ulijenga skuli mpya za sekondari Unguja na Pemba. Michango ya wazazi iliondolewa katika elimu ya msingi mwaka 2015, na katika sekondari mwaka 2018. Mwaka 2021, katika mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa kwa ajili ya kupambana na athari za UVIKO-19, Zanzibar ilipata fungu la takriban shilingi bilioni 230, na sehemu yake ilikwenda katika vyumba vya madarasa. Tangu hapo skuli za ghorofa zimeinuka katika wilaya zote, pamoja na maabara na maktaba zake. Lengo la kuondoa mikondo na kupunguza msongamano wa darasa ni lengo sahihi. Mkoa wa Kaskazini Pemba peke yake ulihesabiwa kuwa na watu 272,091 mwaka 2022, zaidi ya mara mbili ya watu wote wa Pemba wa mwaka 1958. Ye yote anayesema kuwa majengo hayo ni anasa hajapata kusomesha watoto sabini katika chumba kimoja.

Jengo, hata hivyo, halisomeshi. Maabara yenye mabomba mapya ya gesi na kabati za vioo, ikikosa mwalimu wa fizikia, ni ghala tu. Tatizo la walimu wa sayansi na hisabati katika Pemba ni la muda mrefu, na halitokani na uhaba wa wahitimu peke yake. Kijana aliyepata shahada yake Unguja au Bara, akapangiwa kazi Wete, huangalia mambo mawili: atakaa wapi, na akikaa miaka mitano atakuwa amefika wapi. Akijibiwa kuwa nyumba atajitafutia na kozi zote za kujiendeleza ziko Unguja, ataanza kuandika barua ya uhamisho kabla hajafungua sanduku lake. Hiyo si tamaa. Ni hesabu ambayo hata afisa aliyempangia kituo angeifanya. Nyumba kumi za walimu karibu na skuli za mji wa Wete zingeleta matokeo katika mtihani wa kidato cha nne kuliko ghorofa moja zaidi.

Suala la lugha nalo lipo, na ni zito kuliko nafasi inayopewa hapa. Sera ya elimu ya mwaka 2006 ilisogeza Kiingereza hadi darasa la tano kwa hisabati na sayansi, na mwalimu wengi wao walisoma masomo hayo kwa Kiswahili walipokuwa msingi. Mtoto wa Mtambwe, ambaye hata Kiswahili cha vitabu kimejengwa juu ya Kiunguja na si juu ya Kipemba cha mama yake, anafika kidato cha kwanza akiwa na mzigo wa lugha tatu. Anayeona ajabu kuwa mtoto huyo ananyamaza darasani angejaribu yeye kuulizwa juu ya usanidimwanga kwa Kichina.

Na ipo mikarafuu. Tangu bei ya kununulia karafuu ilipopandishwa sana mwaka 2011, msimu mkubwa unapoingia, darasa la kijana mwenye nguvu za kupanda huwa tupu. Msimu huo mara nyingi huangukia miezi ile ile ya mwisho wa mwaka ambayo ina mitihani. Mwalimu anayefungua daftari la mahudhurio Oktoba anajua anachokiona. Kumlaumu mzazi ni rahisi, lakini msimu mkubwa hauji kila mwaka, na kwa nyumba nyingi ndiyo fedha pekee ya kulipia deni la dukani na kuezeka banda. Kalenda ya skuli ilitungwa na watu, na inaweza kutungwa upya. Wilaya ya Wete inaweza kuruhusiwa kupanga likizo zake kwa kutazama miti yake, na masomo ya ziada yakawekwa kwa madarasa ya mtihani, kuliko kujifanya kila mwaka kwamba jambo hilo ni la kushtukiza.

Lililobaki ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa linawagusa wasomaji wa ukurasa huu moja kwa moja. Hatari inayozikabili skuli za mjini Wete leo si ukabila. Ni kuondoka kwa wenye uwezo. Mtoto aliyefaulu zaidi katika mtihani wa msingi huchaguliwa kwenda katika skuli za michepuo na vipawa, na si kosa lake wala la wazazi wake. Lakini baada ya yeye kuondoka, mtumishi mwenye mshahara humtoa mwanawe kimya kimya na kumpeleka skuli ya kulipia, au humpeleka Unguja kwa shangazi yake, au hata Mombasa. Afisa wa elimu hufanya hivyo. Mwalimu hufanya hivyo, na asubuhi ile ile huenda kuwasomesha watoto wa wenzake katika skuli aliyoona haimfai mwanawe. Wanaobaki ni wa mvuvi, wa mchuuzi wa samaki na wa mjane, na wazazi hao, kwa heshima yao yote, hawana simu ya kumpigia mkubwa ye yote pale mwalimu wa hisabati anapokosekana muhula mzima.

Haya hayasemwi kwa kuhukumu. Mzazi ana haki ya kumtafutia mwanawe lililo bora, na sheria haimkatazi. Lakini mtumishi wa Serikali hana haki ya kushangaa. Skuli iliyoachwa na watu wenye sauti haitosikilizwa, hata ikipakwa rangi kila mwaka. Wazee wa Pemba walikataa kupeleka watoto wao katika skuli ya mkoloni kwa sababu hawakuona sehemu yao ndani yake. Leo wajukuu wao wenye vyeo wanaikataa skuli ya Serikali yao wenyewe, na sababu wanazozitoa wakikaa barazani zinatosha kuwa ripoti kamili ya ukaguzi: walimu pungufu, usimamizi hafifu, maabara zilizofungwa kwa kufuli. Basi na waiandike ripoti hiyo, waitie saini, na waipeleke katika kamati ya skuli wakiwa wazazi. Viongozi wa Chama katika wilaya, ambao husimama mstari wa mbele siku ya kuzindua jengo, wangetoa mfano mzuri kama majina ya watoto wao yangeonekana katika daftari la jengo hilo.

Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali kwa upande wake ina mambo matatu ambayo hayahitaji kusubiri mkopo mwingine. Nyumba za walimu zimekwisha tajwa. La pili ni uhamisho: mwalimu wa sayansi aliyepangiwa Wete asiondolewe kabla ya mbadala wake kufika na kuanza kazi, si kuahidiwa tu. La tatu ni dakhalia. Watoto wa Kojani na wa kisiwa cha Fundo huvuka maji kwa mashua, na wa Mtambwe na Gando hutembea au husubiri gari ambazo siku za mvua za masika hazina saa maalumu. Dakhalia ya wasichana mjini Wete, yenye mlezi anayejulikana na wazazi, umeme wa kusomea usiku na pahala pa kusalia, ingewaweka darasani watoto ambao sasa hufika kidato cha pili na kuishia hapo. Wazazi wa visiwani wangependa kujua mapema nani atakuwa mlezi huyo, na watu wa Fundo na Kojani yapasa waulizwe kabla ya ramani ya jengo kuchorwa.